Dakika Kumi za Breki

...na kalamu yenyewe ni ile ya kufungwa kwa kamba, kamba imekatwa ikabaki fundo na kijimkia, kwa hiyo imeng'olewa kwenye dirisha la mapokezi ikaletwa huku ili yeye atie sahihi, Breki anaizungusha vidoleni, anaijaribu kwenye ukucha wa kidole gumba, inaandika, haya, kisingizio cha kwanza kimekufa, karatasi hiyo hapo mbele yake, mistari minne tu, Mimi dereva wa gari la wagonjwa namba mbili, nakiri kwamba siku iliyotajwa, nikiwa na mgonjwa garini, nilisimama njiani dakika kumi bila sababu ya kikazi, naomba radhi, halafu vinukta vinukta hadi ukingoni, vinangoja jina lake, na mwenyekiti wa kamati, ambaye siku zake nyingine zote ni daktari wa meno, ndiyo maana husema na mtu kama aliyemwambia apanue mdomo, anasema "haitauma, dada, ni onyo tu, linakaa kwenye faili mwaka mmoja kisha linatoka, lakini ukikataa suala linapanda juu, na huko juu kazi yako mimi siwezi kuitetea", haitauma, wote husema haitauma, na saa ya ukutani iliyo juu ya kichwa chake inasema saa nne na dakika tano, sindano nyembamba inatembea kwa kurukaruka, tik, tik, na yeye alikwisha kuamua tangu asubuhi, alikwisha kuamua wakati anafunga vifungo vya sare, atasaini, atasaini arudi garini, mkono usioweza kuukata ubusu, na mume wake, fundi rangi, alimwambia akiwa amesimama mlangoni na ndoo zake, "sahihi ni kama rangi, mke wangu, unapaka juu, ukuta chini ni ule ule", akacheka, naye akacheka, maana mume wake huyo ana dawa ya kila kitu na zote ni za kupaka...

...basi saini, mama, unangoja nini, miaka kumi na tisa unaendesha gari hili na ndugu zake waliokufa kabla yake, namba moja lililokuwa linavuja mvua, namba mbili la zamani lenye mlango wa kufunga kwa mpira, miaka kumi na tisa na jina lako la kwenye cheti hakuna anayelikumbuka, walikubatiza Breki kwa sababu unasimamisha gari hata maji ya kwenye bilauri hayajui, wauguzi wanagombania zamu yako, sasa onyo moja ni nini, onyo ni upele tu, unajikuna unapita... na upande wa kushoto wa meza afisa usafirishaji anakohoa, anaweka sawa kikokotoo chake mbele ya faili, kikokotoo kikubwa cha vitufe vilivyofutika namba, madereva wamemwita Kikokotoo kwa ajili hiyo na yeye anajua na wala hakasiriki, si mtu mbaya, tuseme kweli, ndiye aliyepanga zamu zikapangika, ndiye aliyegombana hadi tairi mpya zikaja, ila ana ugonjwa mmoja, kila kitu kwake ni jumlisha gawa kwa mbili, wagonjwa wa Jumatatu na wa Jumanne, jumlisha gawa kwa mbili, ndio wastani, joto la asubuhi na joto la mchana, jumlisha gawa kwa mbili, ukimwambia mguu mmoja uko kwenye moto na mmoja kwenye barafu atakwambia kwa wastani hujambo, na sasa anasema, "mwenyekiti, labda nirudie ili dereva asione tumemwonea", rudia baba, rudia, mdomo ni wako, "safari ni kilomita themanini, kutoka kituo cha afya hadi hapa getini, arobaini za kokoto, arobaini za lami, dereva mwenyewe ametwambia, kwenye kokoto alikwenda arobaini kwa saa, kwenye lami themanini, arobaini na themanini ni mia na ishirini, gawa kwa mbili, wastani wake ni sitini, na mtu anayekwenda sitini kwa saa, kilomita themanini anazimaliza kwa dakika themanini, ila kitabu cha getini kule kinasema ametoka saa mbili na dakika kumi, kitabu cha huku kinasema ameingia saa tatu na dakika arobaini, hiyo ni dakika tisini, sasa tisini toa themanini"... kumi, kumi, tunajua ni kumi, wiki tatu nalala nazo kitanda kimoja hizo kumi, na kila anaposema sitini anabonyeza kitufe hata kama hakuna haja, bip, sitini, bip...

...sitini, hili neno limepita wapi jingine, si hapa, lilipita nyumbani, Jumapili, mezani, binti yake ametandaza madaftari na yeye Breki anamenya viazi, binti anasoma kwa sauti kama mtangazaji, "gari limesafiri nusu ya njia kwa mwendokasi wa arobaini na nusu kwa themanini, tafuta mwendokasi wa wastani", na yeye akajibu kabla kiazi hakijageuka mkononi, sitini, kwa majivuno, dereva wa miaka kumi na tisa hawezi kushindwa na swali la gari, binti akapiga kofi mezani, "mama umeingia mtegoni! mwalimu alisema kila mtu ataingia, na madereva wataingia wa kwanza!", mtegoni, alisema mtegoni, na mtego ulikuwa nini, Mungu wangu, mtego ulikuwa nini, hakusikiliza, sufuria ilichemka ikamwagika ikazima moto, akainuka kwenda kuwasha upya huku binti anaendelea kueleza nyuma ya mgongo wake, kitu kuhusu muda, kitu kuhusu usijumlishe kasi, kisha akaingia kwenye jambo jingine, kasimwelekeo, "hii ni kasi yenye kujali umefika wapi kutoka ulipoanzia, mama, ukitoka ukazunguka ukarudi pale pale, kasimwelekeo wako wa wastani ni sifuri, hata ungekimbia vipi", na yeye akacheka hadi akashika kiuno, kwa hiyo mimi kila jioni nikiegesha gari pale pale nilipolitoa asubuhi, serikali ya fizikia inaniandikia sifuri, miaka kumi na tisa sifuri, "ndiyo mama, pole", haya asante mwanangu, lete chumvi... chumvi ililetwa, maelezo hayakuletwa, na sasa yuko mbele ya daktari wa meno anahitaji sentensi moja tu ambayo sufuria iliimeza...

...lakini ngoja, ngoja kidogo, mbona nilikubali haraka hivyo, kwa sababu hesabu inatisha, ndiyo, hesabu ikisemwa na mtu mwenye kikokotoo inatisha, wiki tatu sasa nimeanza kuikumbuka hata hiyo dakika kumi, naiona, nimeegesha chini ya nguzo ya simu, nimezima injini, nafanya nini pale, nakunywa maji, najinyoosha, sijui, kila siku naitengenezea jambo jipya, nikafikia kumwambia mume wangu "labda nilisinzia", naye akasema "basi saini", na sikusinzia, mtu hawezi kusinzia kwenye kokoto ile, meno yanagongana, namba mbili inalia kila msumari, na nyuma fundi mwashi amelala, mguu wake ulioangukiwa na ukuta tangu jana yake umefungwa kwa shuka, muuguzi ameushika kwa mikono miwili anapiga kelele "Breki, taratibu, damu!", na mke wa fundi amekaa kwenye kiti cha pembeni, amefumba macho, anaomba, hakuyafumbua njia nzima, na muuguzi alipoulizwa na kamati akasema kweli yake, "sikuangalia saa wala dirisha, niliangalia mguu", na mke wa fundi alipoulizwa akasema na yeye kweli yake, "nilihisi gari limesimama, limetulia kabisa, kimya, halafu baadaye nikasikia honi tumefika", na kwa maneno hayo Kikokotoo akatikisa kichwa polepole, kwa huzuni, kama mtu aliyetamani kukosea... na fundi mguu walimkata siku ile ile, chini ya goti, yu hai, anakula, anatukana chakula cha wodini, hiyo ni dalili njema, lakini mguu haupo, na leo asubuhi mke wake alikuwa kwenye benchi la korido nje ya mlango huu huu, yuko pale hata sasa, mfuko wa nguo chafu mapajani, alinyanyua macho akamuuliza, bila ukali, kwa sauti ya mtu aliyechoka kuwa na ukali, "dada dereva, hivi kweli ulisimama?", na wewe Breki, wewe unayejibishana na askari wa barabarani hadi wanakuonyesha njia, ulisema nini, ulisema "tuiachie kamati, mama", ukaingia ukafunga mlango, tuiachie kamati, neno la aibu kuliko yote uliyowahi kusema...

..."dada, unatusikia?" anasema mwenyekiti, "nakusikia, daktari, nasoma kwanza", "soma, soma, haki yako", saa nne na dakika sita, haya kichwa, kazi, acha kulia, wewe si mwalimu lakini njia hii unaijua kwa matako, ifuate kama unavyoifuata, usiende juu juu na namba zake, panda gari. Kokoto kwanza. Kilomita arobaini, unakwenda arobaini kwa saa, unamaliza kwa muda gani, swali gani hilo, saa moja, saa moja kamili, si ndivyo ilivyo siku zote, ukitoka kule wanapoanza taarifa ya habari redioni unafika njia panda ya lami wanapoanza taarifa nyingine, kila dereva anajua kokoto ni saa moja, hata Kikokotoo mwenyewe anajua. Sasa lami. Kilomita arobaini, unakwenda themanini kwa saa, themanini ni saa nzima, arobaini ni nusu ya themanini, kwa hiyo nusu saa. Saa moja na nusu saa. Dakika sitini na dakika thelathini... tisini... anarudia, anakunja vidole chini ya meza asionekane, sitini na thelathini, tisini, toka saa mbili na kumi weka saa moja, saa tatu na kumi, weka nusu saa, saa tatu na arobaini, getini, askari anafungua kitabu anaandika, saa tatu na arobaini, hakuna dakika iliyobaki, hakuna hata ya kupiga chafya, kumi haipo, haikuwahi kuwapo, imezaliwa humu humu ndani ya kile kikokotoo cha vitufe vilivyofutika!

Na moyo unaruka, lakini tulia Breki, shika breki, usishangilie kabla ya getini, maana kama tisini ni kweli basi na sitini ya afisa ni uongo, na uongo wake uko wapi, kila hatua yake ilikuwa safi, arobaini jumlisha themanini ni mia na ishirini kweli, nusu yake ni sitini kweli, ukisimama ukasema "umekosea" bila kusema wapi atabonyeza bip na utaaibika, tafuta, mtego uko wapi... na anayemjibu ni baba yake, marehemu mpeleka barua, anakuja akisukuma baiskeli ya posta kwenye ule mlima wa nyuma ya shule, shati limemganda mgongoni, mfuko wa barua begani, mtoto wa kike anamfuata nyuma akisukuma kibebeo, kupanda ni jua zima, kushuka ni upepo mmoja na kofia imeruka, na mkuu wa posta anamuuliza "mbona unachelewa, nimekuona ukishuka unakwenda kama risasi", na baba anajibu, anajifuta uso, anajibu kwa upole ule wake uliokuwa unawakera wakubwa, "bwana mkubwa, mteremko mtu anaupita tu, mlima ndio anaishi", hapo, hapo hapo, ndiyo sentensi iliyomezwa na sufuria, mlima ndio mtu anaishi, kokoto nimeishi saa nzima, lami nimepita nusu saa, huwezi kuzipa uzito mmoja eti kwa sababu urefu wao ni mmoja, ile arobaini ya polepole imekaa nami mara mbili ya ile themanini, kwa hiyo wastani lazima uvutwe upande wake, chukua njia nzima, gawa kwa muda wote, kilomita themanini kwa saa moja na nusu, inakuwa ngapi, hamsini na... hamsini na tatu na kipande, hamsini na tatu, Kikokotoo, si sitini, sitini ni ya mtu aliyekaa ofisini akazipima namba bila kukaa kwenye kokoto...

...wastani, na wewe neno tumetoka mbali, ripoti zangu zote za shule, Maendeleo ya mtoto: wastani, mwaka hadi mwaka, mwandiko: wastani, hesabu: wastani, baba akisoma anasema "si haba, si haba", anaikunja anaiweka kwenye mfuko wa barua kama barua ya mtu muhimu, na mimi nikakua najua wastani maana yake ni huyu si wa kwanza wala wa mwisho, msogezeni hapo kati, nusu ya huku na nusu ya kule, na kumbe sivyo, kumbe wastani hauko katikati, uko pale ulipokaa sana... na kule kutulia, ile "limetulia kabisa, kimya" ya mke wa fundi, hiyo nayo anaijua sasa, anaiona wazi kuliko hata namba, Mungu wangu mama yule alisema kweli tupu, alikuwa amefumba macho, saa nzima gari linapiga kelele, misumari, kokoto zinagonga chini, machela inalia, ghafla tairi zikapanda lami na kelele zote zikakatika kwa mara moja, nani aliyefumba macho asingesema gari limesimama, wageni wote husema hivyo, hata madaktari wapya huinua kichwa pale njia panda wakauliza "tumefika?", ni utani wetu wa madereva, tunawajibu bado, ni lami tu, ni lami tu, mama, hukuhisi gari limesimama, ulihisi linakimbia...

"...na mimi nadhani ni uungwana tu," mwenyekiti anaendelea, "familia ya mgonjwa nayo ipate kujua ilikuwa nini, wakijua wanatulia", wakijua, daktari, wajue nini, wajue kwamba mguu ulikwenda kwa dakika kumi za dereva, ndiyo karatasi hii itakavyowaambia, na fundi ataipeleka nyumbani kichwani, atakaa mlangoni na magongo yake ya kutembelea akihesabu, kumi, laiti ile kumi, miaka thelathini atanichukia kwa dakika ambazo hazikuwahi kupita duniani, na mke wake atabaki akijua kwamba alihisi, alihisi gari limesimama na hakufumbua macho, hakupiga kelele endesha, na hiyo atajilaumu yeye, hakuna rangi ya kupaka juu ya hapo, mume wangu, samahani, ukuta huu ni wa watu wengine. Onyo ningelibeba. Mwaka mmoja kwenye faili ningeubeba huku napiga mluzi. Lakini ile kumi ikitoka humu na sahihi yangu chini yake inakwenda kuishi nyumba ya fundi mwashi, na mimi siwasafirishii watu mzigo ambao haupo... na je, wakinipandisha huko juu, wakipanda nayo kazi yangu, watapanda, nami nitapanda, nitapanda kokoto yote na kikokotoo chao nitakiomba nibonyeze mwenyewe, njia ya mwongo ni fupi, yangu ni kilomita themanini na naijua shimo kwa shimo...

"Dada, tarehe unaweka hapo chini," anasema Kikokotoo, kwa wema kabisa, anamsogezea karatasi kwa ncha ya kidole, na huyu naye asivuliwe nguo mbele ya mwenyekiti, nitamwonyesha taratibu, hata bilauri isijue, nitamwambia hata mimi nilisema sitini Jumapili na kiazi mkononi, mtego unakamata wote na madereva wa kwanza, na nikimaliza hapa kabla ya kitu kingine chochote nitafungua ule mlango nikae kwenye benchi pembeni ya mfuko wa nguo nimjibu mama yule swali lake, kwa neno moja, halafu nimweleze lami... saa nne na dakika nane, sindano inaruka, tik, dakika tatu zimepita na hakuna aliyetoka kwenye kiti chake, kalamu ya mapokezi iko pale pale vidoleni na kijimkia chake cha kamba, karatasi ile ile, vinukta vile vile, Breki anainama, anaweka ncha ya kalamu juu ya nukta ya kwanza, mwenyekiti anashusha pumzi ndefu anasema "vizuri, dada, umefanya vizuri", na yeye, kwa ule mwandiko wake wa wastani, anaandika: kokoto, saa moja.